UZI: Miamba ya Nyero, mahandaki ya Bigo, makaburi ya wafalme. Tuelekezane jinsi ya kutembelea

MwanaMasaba (Mbale)

Wanajukwaa, salamu kwa wote, wa hapa Uganda na mnaotufuata kutoka Kenya, Tanzania na Kongo.

Kila mara mtu akileta hapa picha za mawe makubwa yaliyosimikwa na watu wa kale huko Ulaya, au vyumba vya maziko vilivyojengwa kwa mawe na kufukiwa udongo, swali linalofuata ni lile lile: na sisi Uganda tuna nini? Wawili watatu wanajibu "hatuna", mada inaishia hapo. Jambo hili linaniuma, kwa sababu nimekulia karibu na Teso na vitu hivi nimeviona kwa macho. Tunavyo. Ila watu wa kale wa nchi hii hawakutegemea mawe ya kusimika. Walichora juu ya miamba waliyoikuta, wakachimba mahandaki ya kilomita nyingi kwa mikono, na wafalme wakalazwa ndani ya nyumba za nyasi ambazo mpaka leo zina walinzi wake. Anayekwenda akitafuta nguzo za mawe atavipita vitu hivi bila kujua kwamba amevipita.

Nianze na Nyero kwa sababu ndiko rahisi kufika. Ukitoka Kampala panda basi la Soroti, utapita Jinja, Iganga na Mbale, kisha ushuke Kumi. Kutoka Kumi mjini ni kama kilomita 8 ukifuata barabara ya Ngora, na boda boda wa pale hawana haja ya kuelezwa. Tambarare ya Teso imelala kimya, halafu ghafla unaona miamba imerundikana, mawe makubwa kuliko nyumba yamebebana mabegani. Michoro iko chini ya miamba iliyoinama, pale ambapo mvua ya pembeni haifiki.

Wageni wengi huonyeshwa sehemu tatu. Ya kwanza ni ndogo, ina duara ndani ya duara kwa rangi nyeupe. Ya pili ndiyo mama yao: ukuta mrefu wa mwamba, kama mita 10 kwenda juu, umejaa michoro myekundu. Duara ndani ya duara nyingi sana, maumbo marefu kama maganda ya mgunga, mengine kama ngazi, mengine kama mitumbwi. Ya tatu unatembea dakika chache kuifikia, nayo ni nyeupe. Usitegemee kuona twiga au wawindaji na mishale kama ile ya Kondoa kule Tanzania. Huku ni maumbo tu, yamechorwa kwa mistari mipana ya kidole, na rangi nyekundu imetokana na udongo wenye chuma.

Nikisimama mbele ya ule ukuta wa pili huwa nakosa la kusema. Mtu alipanda juu kiasi gani kufika pale? Alisimama juu ya nini? Mkono ule ulikuwa na nia, duara moja baada ya nyingine, na haukukosea.

Waliokwenda Nyero na kwingineko, leteni maelezo. Nataka uzi huu uwe wa msaada kwa anayetaka kufunga safari wiki ijayo, si wa kubishana tu.

Akello_wa_Kumi

Kaka MwanaMasaba, asante kwa kupaheshimu kwetu. Nyumbani ni upande wa Ngora, Nyero nimeipita tangu nikiwa mtoto nikipelekwa kwa bibi.

Niongeze mambo ambayo mgeni haambiwi getini. Kwanza, sisi Waiteso hatudai kwamba babu zetu ndio waliochora. Wazee wote niliowasikia walisema tuliikuta. Watafiti wanaihusisha na watu wa kale waliokuwa wawindaji na waokota matunda, wa ukoo mmoja na Wabatwa, walioishi huku kabla ya wakulima na wafugaji kufika. Lakini kuikuta si kuidharau. Mwamba ule wa pili watu waliutumia kuombea. Familia zilikuja, nyingine kutoka mbali, na pombe, chakula, na pesa, wakaziacha pale kwa ajili ya mizimu. Mvua ikigoma, wazee walikwenda huko. Kwa hiyo unapoingia, ingia kama unavyoingia mahali pa ibada pa mtu mwingine. Sauti chini. Usiketi juu ya jiwe lolote la ndani kabla hujauliza.

Pili, na hili nalisema kwa uchungu: MSIMWAGIE MICHORO MAJI. Kuna watu wanatoa chupa ya maji, wanarusha ukutani ili rangi ing'ae kwa ajili ya picha. Rangi inang'aa dakika mbili, halafu maji yanaondoka na kidogo ya kile kilichovumilia miaka yote hiyo. Wala msipitishe kidole kufuatisha mstari. Mafuta ya ngozi yanabaki.

Na tatu ni kokoto. Mwamba wa Teso una soko. Mtu anawasha moto juu ya jiwe, linapasuka, anagonga, anauza kwa wajenzi. Simlaumu mama anayegonga mawe ili alipe ada ya shule, nawajua kwa majina. Lakini mwamba wenye mchoro ukipasuliwa hakuna fundi wa kuurudisha. Nyero ina mlinzi na geti, afadhali. Miamba mingine yenye michoro huku kwetu, kama Mukongoro na Kapir, haina wageni wengi wa kuifanya jamii ione faida ya kuiacha. Ndiyo maana nawaomba mkija Kumi msiishie Nyero. Ulizeni njia ya Mukongoro, mchukueni kijana wa pale awaongoze, mlipeni vizuri mbele ya wenzake waone. Mtu akiona jiwe zima linamletea mgeni kila mwezi, ataanza kulihesabu kwa namna nyingine.

Afande_Mstaafu

Habari za asubuhi wote. Nyero niliiona nikiwa kazini zamani, tulipumzika karibu nayo bila kuambiwa ni nini. Leo ndiyo naelewa.

Swali langu ni la magharibi. Nilipita pia Sembabule, wenyeji wakatuonyesha shimo refu kwenye majani wakasema ni Bigo ya Mugenyi. Kwa jicho la mwanajeshi niliona handaki la ulinzi, lakini lina mianya mingi ya kupita. Handaki la vita huwezi kuliachia milango kiasi kile. Nani ana maelezo?

Mfugaji_wa_Katonga

Afande, shikamoo. Hapo umefika kwetu.

Bigo bya Mugenyi iko ukingo wa kusini wa mto Katonga. Mahandaki yake ukiyaunganisha yanazidi kilomita 10. Mengine yamekatwa hadi kwenye mwamba wa chini, na kina chake mahali pengine ni mita 4 hivi, ingawa udongo umekuwa ukijaa karne zote hizo. Kuna mzingo wa ndani juu ya kilima, halafu kuna handaki la nje linalozunguka eneo kubwa na ncha zake zinashuka mpaka kwenye mto na mafunjo yake. Ukisimama juu ya kilima, mto unauona wote, na ng'ombe wakinywa huko chini ungewahesabu.

Wazee wetu wanasema ni Bachwezi, watawala wa kale wanaosimuliwa kwenye hadithi zetu. Ndahura ndiye aliyeujenga ufalme, akafuata Wamala, na Mugenyi ndiye aliyekaa hapo Bigo. Mugenyi alikuwa na ng'ombe wake aliyempenda kupita kiasi, Bihogo, na ng'ombe huyo alipokufa Mugenyi alitaka kujiua kwa huzuni. Kisha Bachwezi wakaondoka wote, hawakufa, walitoweka. Mimi nimelala na ng'ombe porini, na hadithi hiyo naiamini kwa sababu najua mtu anavyoweza kumpenda ng'ombe.

Kuhusu mianya, wapo wasemao lilikuwa boma la mifugo, wapo wasemao makao ya mfalme, wapo wasemao ngome. Mimi nikiliangalia handaki la nje naona kazi ya wafugaji waliotaka ng'ombe wakae upande mmoja na mashamba upande mwingine. Mianya ni milango ya kupitishia mifugo kwenda majini.

Ushauri kwa wanaotaka kwenda: msiende bila mtu wa huko. Majani yakiwa marefu unaweza kusimama ndani ya handaki ukadhani ni bonde la kawaida. Njia ni Masaka, Sembabule, Ntusi, halafu barabara ya vumbi. Mvua ikinyesha siku mbili mfululizo gari la kawaida halifiki. Nendeni Januari au Februari, au Juni na Julai, majani yakiwa yamelishwa au yameungua. Wakati huo mstari wa handaki unauona kwa mbali kama kovu.

Mwanafunzi_Kitante

Nimefurahi sana kuuona uzi huu, nasoma mambo ya kale na muda mwingi nautumia pale Jumba la Makumbusho la Uganda, barabara ya Kira.

Mzee Mfugaji, naomba niongeze ya wachimbaji bila kuyafuta ya wazee. Bigo ilichimbwa kitaalamu mwaka 1957, na tena 1960 na Merrick Posnansky, ambaye wakati huo ndiye alikuwa mtunzaji wa hilo jumba. Vipimo vya kaboni, vinavyokadiria umri wa mabaki ya kale, viliiweka kati ya karne ya 14 na ya 16. Lakini Ntusi, ambayo watu huipita haraka wakikimbilia Bigo, ni kongwe kuliko Bigo: kuanzia karne ya 11 hivi. Na kwangu mimi Ntusi ndiyo inayotoa habari nyingi zaidi za watu wenyewe.

Pale kuna vilima viwili vya udongo ambavyo wenyeji huviita dume na jike. Ukiviona utasema ni vilima tu. Ni taka! Mifupa ya ng'ombe, vigae vya vyungu, majivu, vilivyotupwa mahali pamoja kwa vizazi vingi hadi vikawa kilima. Karibu yake kuna Bwogero, bonde lililochimbwa linalosemwa lilikuwa la kunyweshea mifugo. Na humo kwenye udongo wachimbaji walipata shanga za pembe za ndovu, za maganda ya mayai ya mbuni, na chache za kioo, pamoja na kauri, yaani makombe madogo ya baharini. Kauri hazizaliwi Katonga. Zimetoka Bahari ya Hindi, zikapita mikono mingi hadi kufika kwa mfugaji wa Ntusi, zamani sana kabla ya misafara ya karne ya 19 tunayofundishwa shuleni. Kwetu tunaozungumza Kiswahili hilo si jambo dogo. Pwani na Ntusi walikuwa tayari wanajuana kwa bidhaa, hata kama hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Kuhusu Bachwezi, nasema kwa heshima: kwamba Bigo ilikuwa mji mkuu wa dola moja kubwa si jambo ambalo udongo umelithibitisha. Ntusi, Bigo, na sehemu nyingine za mahandaki kama Munsa na Kibengo hazikuwa na umri mmoja wala maisha ya namna moja.

Mfugaji_wa_Katonga

Mwanangu, sijakasirika. Ila niulize: hao wachimbaji walijuaje pa kuchimba? Walionyeshwa na wazee. Na wazee walipajua kwa sababu ya hadithi ya Mugenyi na Bihogo. Hadithi ndiyo iliyolinda mahali hapo watu wasilime juu yake. Mwenye kipimo cha kaboni na mwenye hadithi wakae kwenye mkeka mmoja, na wa kwanza asimwambie wa pili ainuke.

Mwanafunzi_Kitante

Nimekubali, mzee. Na Ntusi hivyo hivyo, dume na jike ni majina ya wenyeji, ndiyo hata sisi tunayotumia.

Kwa wale wanaouliza vyumba vya chini ya ardhi, nendeni Munsa, Kakumiro. Kuna kilima cha Bikekete chenye miamba na uwazi wa kupita katikati yake, wenyeji wanasema alikaa humo mtawala aliyeitwa Kateboha. Mahandaki yamekizunguka kilima. Miaka ya 1990 Peter Robertshaw alichimba hapo akapata tanuru la kuyeyushia chuma na makaburi. Kati ya sehemu zote za aina hii, Munsa ndiyo ya kutembea kwa miguu kwa raha: unapanda kilima, unaingia kwenye mwamba, unatoka upande wa pili, unaangalia mahandaki kutoka juu na unaelewa mpangilio wake. Mtu wa kukutembeza akiwa mwenyeji, tenga nusu siku nzima.

Nnalongo_Busiro

Wapendwa, mmezunguka mashariki na magharibi, mkaiacha Buganda ambako makaburi yana wenyewe hai.

Nimezaliwa Busiro. Huku kwetu amasiro, yaani nyumba za maziko ya Bassekabaka (wafalme wetu waliotangulia), yametapakaa vilimani, si Kasubi ya Kampala peke yake. Kabaka wa kale kila mmoja alikuwa na kilima chake. Mwili ulizikwa mahali pake, na taya likatunzwa mahali pengine, kwenye nyumba yake yenyewe. Muteesa wa kwanza ndiye aliyebadilisha. Alijenga jumba la Kasubi mwaka 1882, akafa 1884, akazikwa humo mwili mzima. Baadaye wakaletwa hapo Mwanga, aliyefia Ushelisheli 1903 na kurudishwa 1910, halafu Daudi Chwa 1939, na Muteesa wa pili aliyefia London 1969 akarudishwa 1971. Wanne chini ya paa moja.

Mgeni akiingia Muzibu Azaala Mpanga, ndilo jina la jumba hilo la Kasubi, haoni kaburi. Anaona pazia la nguo ya gome la mti, mikuki mbele yake, na nyuma ya pazia ni msitu. Ndivyo tunavyosema: Kabaka hafi, ameingia msituni. Inua macho uangalie dari, kuna pete 52 za kufungia, moja kwa kila ukoo wa Buganda. Mafundi wa kuezeka ni wa ukoo wao na kazi hiyo hairuhusiwi kwa kila mtu. Usiku wa tarehe 16 Machi 2010 jumba liliteketea. Watu wazima walilia barabarani. Mama yangu alivaa nguo ya gome la mti siku hizo na hakupika. UNESCO, iliyoliandikisha mwaka 2001, ikaliweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, na mwaka 2023 likatolewa kwenye orodha hiyo baada ya ujenzi wa miaka mingi.

Basi mkija: viatu nje. Mwanamke avae gomesi (gauni refu la Kiganda) au ajifunge kitenge kufika chini, suruali hapana. Kaeni chini kwenye mkeka, miguu kando. Ukiambiwa usipige picha, usipige. Wanaokaa pale ni watunzaji kwa urithi wa familia, hawakuajiriwa kuuza tiketi, na baadhi yao ni wazee sana. Ukimsalimia mama wa pale, piga magoti kidogo. Ukifanya hivyo utaambiwa mambo ambayo hayapo kwenye kibao chochote.

Na mkipata nafasi nendeni kilima cha Wamala, alipozikwa Ssuuna wa pili, baba yake Muteesa. Pana utulivu kuliko Kasubi na mwenye muda atazungumza na wewe.

Mjukuu_wa_Kabalega

Nnalongo, umesema vizuri. Kwetu Bunyoro makaburi ya wafalme yako Mparo, nje kidogo ya Hoima. Hapo amelala Kabalega, aliyepigana na Waingereza, akakamatwa 1899 na kupelekwa Ushelisheli, na akafia Jinja mwaka 1923 akiwa njiani kurudi nyumbani. Fikirini: amevuka bahari, amefika Jinja, Hoima hajaiona. Kila Mnyoro anayefika Mparo anasimama hapo kwanza.

Kijana_wa_Lodwar

Majirani, naingia kutoka Kenya. Mmesema nguzo za mawe hamna, sisi huku Turkana tunazo, na kutoka Moroto kwenu hadi Lodwar si mbali sana kwa barabara.

Karibu na barabara ya Lodwar kwenda Kalokol kuna Namoratunga. Ni nguzo 19 za mawe meusi ya volkano, nyingine zimeinama, zimesimama mahali pamoja kwenye mchanga. Bibi alituambia walikuwa watu wakicheza ngoma, wakageuzwa mawe. Anayepita anaweka kijiwe juu ya nguzo, utaviona vimejipanga. Zamani wataalamu walisema nguzo zinaelekea nyota fulani, kwamba zilikuwa kalenda, wengine wakapinga vipimo hivyo. Leo wanaziweka pamoja na sehemu nyingine za nguzo kuzunguka ziwa, za miaka kama 5,000 iliyopita, na chini yake kuna makaburi.

Iliyo kubwa ni Lothagam North. Wafugaji wa kwanza wa ziwa hili walitengeneza jukwaa la mviringo la upana wa mita 30 hivi, wakachimba shimo kubwa katikati, wakazika humo watu wasiopungua 580, kisha wakafunika kwa mawe na kusimika nguzo. Habari zake zilitangazwa 2018. Na kilichonigusa ni hiki: walizikwa wazee na watoto, wanaume na wanawake, karibu kila mmoja na mapambo yake, shanga za mawe ya rangi na za maganda ya mayai ya mbuni. Hakuna aliyepewa heshima kupita mwingine. Wakati ziwa lilipokuwa likikauka na maisha kuwa magumu, waliamua kuwa na mahali pamoja pa wafu wao wote.

Nilisoma maelezo ya Nnalongo nikawaza: huko mmemzika mfalme na kumjengea nyumba, huku waliwazika watu wote pamoja na kuwasimikia mawe. Jua huku si la kawaida. Kuja bila maji ni hatari, na msitoke barabarani bila kijana wa hapo.

MwanaMasaba (Mbale)

Kijana wa Lodwar, karibu sana, na asante. Hilo la watu 580 na karibu kila mmoja na mapambo yake limenikaa moyoni. Shanga za mayai ya mbuni ziko Lothagam na ziko Ntusi, ingawa zimeachana miaka elfu kadhaa.

Na umenisaidia kusema nilichotaka kusema mwanzoni. Nguzo za mawe si kipimo cha nani alikuwa na historia. Ukifika Bigo huna cha kukumbatia na kupiga nacho picha, lakini watu waliochimba kilomita 10 za handaki walikubaliana, walilishwa na mtu, walipangwa zamu. Hiyo ni jamii yenye nguvu. Wageni waliokwenda kwa macho ya kutafuta majengo hawakuiona. Sisi wenyewe tukienda kwa macho hayo hayo tutawaambia watoto wetu "hatuna".

Baharia_Namayingo

Wakuu, na ziwani je? Mmesahau Dolwe.

Kisiwa cha Dolwe, wengine wanaita Lolui, kiko Namayingo, Ziwa Victoria. Ni kisiwa cha miamba na majani. Kuna mawe yanayolia: ukiligonga kwa kijiwe, linatoa sauti ya chuma, linasikika mbali. Unaona kabisa vishimo pale yalipokuwa yakigongwa, vimekuwa laini kama bakuli. Kuna michoro ya duara jamaa moja na ile ya Nyero, kuna marundo ya mawe yaliyopangwa kwa mikono, na mahali pa kusagia nafaka pamechimbika kwenye mwamba, pengi mno, unatembea unavikuta tu. Kulikuwa na watu wengi humo. Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale uliingia visiwa hivi, watu wakaondolewa, Dolwe ikabaki tupu miaka mingi. Leo ni wavuvi.

Usafiri ni boti kutoka mialo ya Namayingo. Nawasihi: ulizia jaketi la kuokolea kabla hujakanyaga boti, na kama hakuna, ngoja boti nyingine. Ondoka alfajiri. Mchana upepo unabadilika na ziwa halina urafiki. Ukifika, jitambulishe kwa mwenyekiti wa kijiji kwanza, ndiye atakupa mtu.

Akello_wa_Kumi

Baharia, Kakoro kule Butebo nako kuna mwamba unaolia na michoro juu yake. Bahati mbaya watu wameandika majina yao juu ya michoro. Inasikitisha mno. Mtu anaandika "nilikuwa hapa" juu ya mkono wa mtu aliyekuwa hapo kabla yake.

Teacher_Tororo

Naomba ushauri wa haraka. Nafundisha darasa la 6, nataka kupeleka wanafunzi Nyero muhula ujao. Basi la shule lipo. Naogopa mambo mawili, watoto kugusa michoro na watoto kuanguka kwenye mawe. Nifanyeje?

Afande_Mstaafu

Mwalimu, wagawe vikundi vidogo, kila kikundi na mtu mzima mmoja mbele na mmoja nyuma. Wanaosubiri wakae kivulini mbali na mwamba, wapewe kazi ya kuchora walichoona. Asiruhusiwe mtoto kupanda juu mpaka mkae mkielewana na mlinzi ni njia ipi. Viatu vya kufungwa, si ndala.

MwanaMasaba (Mbale)

Naongezea kwa mwalimu: chaki na kalamu za rangi ziachwe kwenye basi. Wakiingia na penseli na daftari tu, hakuna cha kuandikia ukutani. Kabla ya safari wafundishe darasani kuchora duara ndani ya duara kwa kidole kilichochovya udongo mwekundu, kwenye karatasi. Mtoto aliyejaribu mwenyewe akaona ilivyo vigumu kuifanya iwe duara kamili, akifika mbele ya ule ukuta wa pili hataugusa. Ataangalia.

Usisahau kupiga simu ofisi ya wilaya mapema kuhusu ada ya wanafunzi.

Akello_wa_Kumi

Dada au kaka mwalimu, njooni asubuhi, saa 3 muwe mmeshafika. Ikigonga saa 6 mwamba unarudisha joto lote na watoto wanachoka. Maji mabebeni ya kutosha, ya kunywa. Mkitoka upande wa Mbale mnitumie ujumbe humu ndani. Shangazi yangu anapika karibu na Nyero, mkimwambia siku mbili kabla atawawekea atapa (ugali wetu) na mboga ya karanga kwa basi zima, na kuna mzee jirani yake ambaye zamani alikwenda na baba yake kuomba mvua pale mwambani. Akiwa na nguvu siku hiyo atawasimulia watoto yeye mwenyewe.

Teacher_Tororo

Mimi ni dada. Nakutumia ujumbe sasa hivi. Tunakuja wanafunzi 40, na mzee tutamletea sukari na sabuni.